Bibi, Mjakazi na Mama: Maneno ya Heshima kwa Wanawake katika Historia ya Ujiji

Katika Kiswahili sanifu cha leo neno mwanamke halimpandishi mtu wala halimshushi. Limo katika sheria, katika hesabu za sensa, katika majina ya jumuiya na katika vibao vya hospitali. Hata hivyo, msemaji mwenye adabu hamwiti mtu kwa neno hilo ana kwa ana. Muuza dagaa wa mwalo wa Kibirizi, kaskazini mwa mji wa Kigoma, akisikia "wewe mwanamke", anajua kwamba ugomvi umekwisha kuanza. Akiitwa mama, dada, shangazi au bibi, biashara inaendelea. Neno la kumtaja mtu, kwa hiyo, silo neno la kumwita, na kati ya hayo mawili pana historia ndefu.

Pengo la namna hiyo si la Kiswahili peke yake. Waingereza nao walikuwa na woman kwa kila mwanamke na lady kwa mwenye cheo, kisha katika karne ya 19 na ya 20 lady likashuka ngazi kwa ngazi mpaka likamfikia mfagiaji wa ofisi, na wengi wakaanza kuona kwamba lile neno la kawaida ndilo lenye heshima zaidi. Mjadala wao ulihusu matabaka. Katika miji ya Kiswahili ya karne ya 19 suala lilikuwa zito kuliko hilo, kwa sababu neno la heshima lilipimwa kwa neno la mtumwa. Mwanamke aliyeitwa bibi aliitwa hivyo kwa kuwa karibu yake alikuwapo mwingine aliyeitwa mjakazi.

Ujiji ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hilo, pengine kuliko Lamu au Unguja. Pwani maneno haya yalikuwa ya kale na kila ukoo ulijua mahali pake. Ujiji yaliingia pamoja na misafara, katika muda usiozidi maisha ya mtu mmoja, yakapokewa na watu ambao wengi wao hawakuzaliwa katika lugha hiyo, na ambao baadhi yao waliijifunza wakiwa mateka.

Maneno yaliyokuja na misafara

Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kufahamika huko. Livingstone alifika 1869, na Stanley akamkuta hapo 1871. Katika miaka hiyo Ujiji ilikuwa soko la samaki, chumvi, mawese, pembe za ndovu na watu. Aliyesimama kama mkubwa wa watu wa pwani alikuwa Mwinyi Kheri, aliyefariki 1885, na baada yake nguvu ikawa kwa Muhammad bin Khalfan, ambaye historia inamkumbuka zaidi kwa jina la Rumaliza. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na Umanyema, na kutoka huko wanaume kwa wanawake walivushwa kwa mitumbwi na majahazi. Wengine walipelekwa Tabora na pwani, lakini wengi walibaki Ujiji. Walilima, walipika, walibeba, walizaa, na baada ya kizazi kimoja au viwili ndio waliokuwa wenyeji wa mji.

Kiswahili kilichowakuta kilikuwa na sifa moja ya kisarufi ambayo haina budi kukumbukwa. Ngeli ya m-/wa- haibagui mume na mke. Muungwana anaweza kuwa wa jinsia yoyote, mtumwa pia, mgeni pia. Kwa hiyo mzigo wote wa kuonyesha kwamba anayetajwa ni mwanamke, na ni mwanamke wa daraja gani, uliangukia maneno machache yanayojitegemea, nayo kwa sababu ya uchache wao yalibebeshwa mengi.

La kwanza ni bibi. Asili yake ni Kiajemi, nalo lilienea pia katika lugha za Bara Hindi. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotoka 1870, alilieleza kwa maana tatu zinazokaa pamoja: mama wa mzazi, cheo cha kumheshimia mwanamke, na mwanamke anayemiliki watumwa. Maana hizo tatu zina kiini kimoja, yaani mwanamke mwenye watu chini yake.

La pili ni mwana. Katika Lamu na Pate hicho kilikuwa cheo cha mwanamke wa ukoo bora. Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye utendi wake kwa bintiye huwekewa tarehe ya mwaka uleule wa 1858, alibeba cheo hicho kama sehemu ya jina. Mtu wa pwani ya kaskazini aliposikia mwanamke, aliweza kuhisi ndani yake harufu ya mwana huyo mtukufu. Mtu wa kandokando ya ziwa hakuweza. Katika Kirundi, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kiha, umwana ni mtoto basi. Neno lilivuka bara zima likaacha nusu ya heshima yake njiani.

La tatu ni mjakazi, na hili ndilo lenye funzo kubwa kwa mwanaisimu. Wasemaji wengi wa leo husikia ndani yake neno kazi, wakadhani mjakazi ni mja wa kufanya kazi. Sivyo. Ni mja, yaani mtumwa, likifuatwa na kiambishi -kazi cha kale cha Kibantu kinachoonyesha uke. Katika Kirundi kiambishi hicho kingali hai na hakina ubaya wowote: mwanamke wa Burundi ni Umurundikazi, na mama wa mfalme alikuwa umugabekazi. Katika Kiswahili kimekufa, isipokuwa katika maneno machache ya nyumbani kama mkazamwana, mke wa mtoto wa kiume, na katika mjakazi. Mwanamke aliyeletwa Ujiji kutoka nchi ambako -kazi ilimfaa hata mama wa mfalme alikikuta kiambishi chake kimebaki katika jina la mke wa mwana na jina la mtumwa. Ni vigumu kupata mfano mwingine ambapo mofolojia imehifadhi udhalimu kwa uwazi kama huo.

Kati ya bibi na mjakazi alikuwapo suria. Huyu alikuwa mtumwa, lakini alikaa ndani ya nyumba na alizaa na bwana wake. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wake, bwana akimkiri, alizaliwa huru na aliungana na ndugu zake wa upande wa baba, na yeye mwenyewe hakuweza kuuzwa tena, akawa huru bwana wake akifa. Habari hii ya suria ndiyo ufunguo wa mambo yatakayofuata.

Halima, nyumba na bustani

Maandishi ya wageni yanayataja maneno haya kwa nadra, na wanawake wenyewe kwa nadra zaidi. Miongoni mwa wachache wanaojitokeza ni Halima, mpishi wa Livingstone, ambaye Stanley alimkuta Ujiji 1871 akihangaika jikoni kwa sababu ya ujio wa mgeni asiyetarajiwa. Aliendelea na Livingstone katika safari ya mwisho ya 1872 na 1873. Livingstone, aliyemsifu kwa kazi yake, aliandika kwamba atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani Unguja.

Kwa Kiingereza cha vitabu hivyo yeye ni Halima tu, mpishi. Hakuna cheo mbele ya jina wala jina la baba nyuma yake. Lakini ahadi ile inasema zaidi ya ilivyokusudiwa. Uhuru, nyumba na bustani: kwa Kiswahili cha wakati ule, mwanamke aliyekuwa na vitu hivyo vitatu alikuwa na njia ya kuitwa bibi. Livingstone alifariki kabla ya kufika pwani.

Miaka michache baadaye neno bibi lilipata mdai mpya. Annie Hore, mke wa nahodha wa London Missionary Society, alisafirishwa hadi ziwani akiwa katika kiti kilichobebwa na wapagazi, na 1886 akachapisha kitabu London juu ya safari hiyo. Wanawake Wazungu waliomfuata walipewa cheo cha bibi, kisha memsahibu likaja kutoka Bara Hindi likawapa neno lao peke yao. Hilo lilikuwa jambo jema kwa bibi. Neno lililoponea chupuchupu kuwa cheo cha mtawala mgeni lilibaki kwa wenyeji.

Uungwana wa watu wa Ujiji

Wanahistoria wa karibuni, hasa Philip Gooding katika kitabu chake cha 2022 juu ya ziwa hili, wameonyesha kwamba wengi waliojiita waungwana kandokando ya Tanganyika hawakuzaliwa huru kwa maana ya pwani. Walikuwa wafuasi, wapagazi na askari wa wafanyabiashara, na wengi wao walikuwa bado watumwa kisheria. Waliuchukua uungwana kwa mwenendo: dini, mavazi, nyumba ya pembe nne, na lugha. Hata Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana kwa jina lao. Lugha ikapewa jina la uhuru na watu ambao uhuru wao ulikuwa na mashaka.

Kwa mwanamume wa aina hiyo uungwana ulihitaji ushahidi, na ushahidi mmojawapo ulikuwa nyumba yenye bibi ndani yake. Hapa ndipo linapoeleweka jambo ambalo huwashangaza Watanzania wanapozungumza na Wakongo. Katika Kiswahili cha Kongo, kutoka Uvira hadi Lubumbashi, bibi ni mke. Mtu akisema bibi yangu, anamtaja mwenziwe wa ndoa. Upande wa Kigoma maneno hayohayo humtaja mama wa baba au mama wa mama. Inaelekea kwamba wanaume wa misafara waliojenga nyumba zao Umanyema walimpa mwanamke wa nyumba cheo cha mwenye nyumba, hata kama alikuwa amepatikana vitani, kwa kuwa kumwita vinginevyo kungewashusha wao wenyewe. Ni haki kuongeza kwamba bibi kwa maana ya mke husikika pia katika bara ya Kenya, mbali na njia za Rumaliza, kwa hiyo maelezo hayo hayatoshi peke yake. Lakini kwa upande wa ziwa yanaafikiana na historia.

Ujiji yenyewe ilikwenda njia nyingine, na sababu inayoelekea kuwa na nguvu zaidi ni yule suria. Mwanamke aliyeletwa akiwa mtoto kutoka Umanyema hakuwa bibi wa mtu yeyote ndani ya nyumba ya bwana wake. Aliyekuwa bibi ni mke wa ndoa. Lakini watoto wake walikuwa huru, na watoto wa watoto wake walikuwa huru bila maswali. Hao walimwita nani? Walimwita bibi, kwa kuwa ndilo neno la mama wa mzazi. Neno ambalo bwana wala mke wa bwana hawakumpa lilimfikia kwa mlango wa wajukuu, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Mji ambamo wakazi wengi walikuwa na nyanya wa namna hiyo haungeweza kuendelea kulitumia bibi kwa maana ya mmiliki wa watumwa bila kujikwaa kila siku. Maana ya ukoo ikaimeza maana ya umiliki.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa shikamoo. Katika karne ya 19 hiyo ilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana wake, nashika miguu yako. Leo hutolewa na kila mdogo kwa kila mkubwa, na mjukuu wa waziri humwamkia hivyo mfagiaji mzee. Bibi na shikamoo vilitoka katika ngazi ya umiliki vikahamia katika ngazi ya umri, na anayesema shikamoo bibi katika vichochoro vya Ujiji anatumia maneno mawili ambayo babu zake walikatazwa kuyapokea.

Sheria na majina

Sheria ilikuja taratibu. Wajerumani, walioweka kituo Ujiji 1896, hawakuufuta utumwa. Kwa amri ya 1904 walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 watakuwa huru. Reli ilifika Kigoma 1914, na shughuli za bandari zikahama kutoka Ujiji. Kisha wakaja Wabelgiji, waliokalia Kigoma kuanzia 1916 hadi 1921, na ni chini ya Waingereza, mwaka 1922, hali ya utumwa ilipofutwa kisheria katika Tanganyika nzima.

Amri ya serikali iliweza kumfuta mjakazi katika sheria, lakini haikuweza kumpa mtu jina la baba. Desturi ya mji ilikuwa kumwita mwanamke kwa baba yake: Binti Juma, Binti Selemani. Kwa aliyezaliwa na ukoo hilo lilikuwa jambo jepesi. Aliyetekwa angali mdogo alikuwa na baba, lakini baba huyo hakujulikana mjini, na uhusiano uliotambuliwa na sheria ya dini ulikuwa ule wa walaa, unaomfunga aliyeachwa huru na aliyemwacha. Ndiyo maana heshima ndogo ya binti haikupatikana kwa urahisi kama ile kubwa ya bibi: ya pili hutegemea wajukuu, ambao mtu anaweza kuwapata, na ya kwanza hutegemea wazazi, ambao hawezi kuwapata tena.

Mfano maarufu zaidi wa mapambano hayo haukutoka Ujiji bali Unguja. Mwimbaji aliyezaliwa Fumba mnamo 1880 alipewa jina la Mtumwa. Alipokuwa maarufu aliitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi, na kwa jina la Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kurekodi nyimbo zilizosikika Afrika Mashariki yote. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Kutoka Mtumwa hadi Siti, na binti Saad juu yake, ni safari yote ya msamiati huu katika maisha ya mtu mmoja. Ujiji haikuwa na Siti wake, lakini ilikuwa na wanawake wengi waliofanya jambo hilo bila sahani za santuri. Sheryl McCurdy, katika utafiti aliouchapisha 2006, ameonyesha jinsi wanawake wa asili ya Umanyema walivyotumia mavazi, kanga hasa, kujijengea utambulisho. Mavazi na jina la kuitwa vilikwenda pamoja. Aliyevaa kama bibi alikuwa anaomba aitwe bibi.

Ndugu, mama, dada

Harakati za uhuru zilimtoa Bibi Titi Mohamed, ambaye kwake bibi halikuwa neno la umri, kwani alizaliwa 1926 na alikuwa bado kijana alipokuwa akihutubia mikutano ya TANU. Hapo bibi lilikuwa cheo cha raia, sawa na bwana. Mwaka 1962 ilipoundwa jumuiya ya kitaifa, jina lililochaguliwa lilikuwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, baadaye wa Tanzania. Halikuwa umoja wa mabibi. Uchaguzi huo haujapewa uzito unaostahili. Umoja wa mabibi ungewaacha nje walio wengi. Umoja wa wanawake ulilichukua neno la kutajia likawa neno la kujitambulisha. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ndugu lilipewa nafasi ya cheo cha wote, wanaume kwa wanawake. Kwa mwanaisimu hilo lilikuwa jaribio safi: neno la ukoo lisilo na jinsia. Halikudumu nje ya chama na ofisi. Ndugu ni neno la mkutano, na sokoni Kigoma halikupata mahali.

Aliyeshinda ni mama, na ushindi wake una bei. Katika miaka ya shida za uchumi wanawake waliopika na kuuza chakula barabarani waliitwa mama ntilie, kutokana na ombi la mteja anayetaka kujaziwa sahani. Baadaye ofisi na mashirika yakaona jina hilo ni la dharau, yakapendelea mama lishe. Jina jipya lina adabu, lakini limetoka ofisini, na adabu hiyo haikumpa mpishi meza, maji wala leseni. Mama ntilie lina angalau sauti ya mteja anayeomba.

Vivyo hivyo kwa mtumishi wa ndani. Baada ya mjakazi lilikuja yaya, likaja hausigeli, na leo katika nyumba nyingi za mjini mtumishi huyo ni dada. Watoto wanamwita dada, mwajiri anasema "dada wa nyumbani kwangu". Anayetoka kijiji cha Kasulu au Kibondo kwenda kufanya kazi hiyo Dar es Salaam anapewa neno la ukoo badala ya mkataba. Hii si hoja ya kulirudisha neno kali. Ni hoja kwamba neno la upole linapotolewa bure lichunguzwe lilipotokea, na hasa liulizwe kama linaziba mahali pa mshahara.

Hata ngazi ya juu kabisa haikuepuka. Tangu Machi 2021 Samia Suluhu Hassan aliposhika urais, wananchi wengi wamemwita Mama Samia. Kuna wanaoliona hilo kuwa pendo na wanaoliona kuwa ni kumpunguzia cheo, kwa kuwa waliomtangulia hawakuzoeleka kuitwa Baba mbele ya jina, isipokuwa Nyerere, aliyekuwa Baba wa Taifa. Pande zote mbili zina ushahidi, na ushahidi huo ni uleule: mama ni neno la heshima linalotolewa kwa ukoo, na rais hapatikani kwa ukoo.

Tofauti ya bibi na bibi, wakati huohuo, ilirudi Kigoma kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka 1996 vita ya Kongo iliwavusha ziwa maelfu ya watu wa Kivu ya Kusini, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika wilaya ya Kasulu. Wengi wao walisema Kiswahili, na kwa hiyo makarani hawakuona haja ya mkalimani. Lakini fomu ya kaya huuliza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, na mwanamume wa Fizi au Uvira anayejibu "huyu ni bibi yangu" amesema jambo moja huku karani wa Kigoma akisikia lingine. Kwa kosa hilo mke anaweza kuandikwa nyanya wa mumewe, na mgawo, makazi na hata ombi la kuunganishwa na jamaa nchi za mbali hufuata kilichoandikwa. Katika fomu kama hiyo neno linalofaa ni mke, na karani angefanya vyema kuliuliza hilo waziwazi kabla ya kuandika.